Ukoga hausubiri siku tatu: meno ya paka na mbwa wa nyumbani

Harufu ndiyo inayotangulia. Paka anapanda mapajani, anapiga mwayo, na pumzi yake inanuka kama kichwa cha samaki kilichosahauliwa juani. Wengi wetu Unguja na Pemba tunaona ni mambo ya kawaida: nyau anakula dagaa, asinuke vipi? Lakini harufu ya chakula huondoka baada ya muda mfupi. Ile inayokaa mchana na usiku, hata alfajiri kabla hajaonja kitu, mara nyingi haitoki tumboni wala kwenye dagaa. Inatoka ukingoni mwa ufizi, ambako bakteria wamejijengea makazi ndani ya ukoga. Mbwa ni hivyo hivyo.

Ukoga ni ule utando laini wa rangi ya maziwa au manjano hafifu unaoupata ukikwangua jino kwa ukucha. Huanza kujijenga saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Ukiachwa siku mbili hadi tatu, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha, nao unakuwa gamba gumu la kahawia lililoshikamana na jino kama chokaa kwenye birika. Utando unafutika kwa kitambaa. Gamba halifutiki kwa kitambaa, wala kwa mswaki, wala kwa dawa yoyote ya kupaka. Ndiyo maana kazi hii ni ya kila siku. Ukikosa siku moja hakuna kilichoharibika, ila anayepiga mswaki kila Ijumaa anafuta ukoga wa jana na juzi tu, na ule wa siku za nyuma umeshakuwa jiwe.

Kabla ya mswaki, jifunze kutazama. Mkalishe paka juu ya baraza au mkeka penye mwanga, mgongo wake ukigusa tumbo lako, maana ukimkabili uso kwa uso anaona unamvamia. Kiganja cha kushoto kikae juu ya kichwa chake, gumba kwenye shavu moja na kidole cha kati kwenye shavu la pili. Usimfungue kinywa. Taya zikiwa zimefungwa, pandisha mdomo wa juu kwa gumba, taratibu, kama mtu anayefunua pindo la pazia. Utaona kwanza chonge, lile jino refu. La paka lina mfereji mwembamba kama mkwaruzo wa sindano. Huo ameumbwa nao, si ufa. Nenda nyuma yake. Kwa paka hesabu jino la tatu, kwa mbwa la nne: hilo kubwa, lenye ncha kama kisu, ndilo la kukatia nyama. Paka wengine hawana lile la kwanza nyuma ya chonge, au linakuwa dogo kama punje ya mchele, kwa hiyo tazama ukubwa kuliko hesabu.

Jino hilo kubwa la juu ndilo linaloharibika mapema, na sababu iko shavuni. Mrija wa mate unafunguka mkabala nalo kabisa, kwa hiyo ndilo linalooga madini kuliko mengine, na gamba hulianza hilo. Ukiwa na sekunde ishirini tu kwa siku, zitumie hapo, kulia na kushoto, kisha machonge.

Ufizi mzima ni wa waridi iliyopauka, unabana jino, na hautoki damu ukiguswa. Mbwa wengi na baadhi ya paka wana mabaka meusi kwenye fizi, na hayo ni rangi ya kuzaliwa tu. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, unaofuata pale ufizi unapokutana na jino. Hapo ugonjwa umeanza lakini bado unarudi nyuma: ukipiga mswaki kila siku, mstari hupotea wiki chache baadaye. Ukiuacha, bakteria hushuka chini ya ufizi na kula mfupa unaoshika jino, na mfupa ukishaliwa haurudi.

Vifaa vipo nyumbani. Khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ikatwe vipande vya sentimita kumi kwa kumi. Uzungushe kimoja kwenye kidole cha shahada, ukibane mwisho wake kwa gumba. Bandeji ya kitambaa chepesi ya duka la dawa inashika ukoga vizuri zaidi kwa sababu ya matundu yake. Baadaye utahitaji mswaki wa mtoto mchanga wenye nywele laini na kichwa kidogo. Mswaki wa mtu mzima, hata ulioandikwa ni laini, ni mpana mno kwa paka, utampiga ufizi wa taya ya chini huku unasafisha la juu. Kila mnyama na mswaki wake. Suuza, anika juani, na utupe nywele zikianza kutawanyika.

Dawa ya meno ya wanyama ipo, yenye ladha ya kuku au samaki, na ukibahatika kuletewa, kiasi cha punje ya choroko kinatosha paka na cha harage dogo kinatosha mbwa. Isikunyime usingizi ukiikosa. Kinachoondoa ukoga ni msuguano, ladha ni ya kumbembeleza mnyama. Maji matupu yanafanya kazi. Yenye kufanya kazi na kupendwa ni supu ya samaki mbichi: chemsha kipande cha mnofu kwa maji tu, bila chumvi, bila kitunguu maji wala thomu, bila pilipili wala tui. Chovya kitambaa humo. Kitunguu na thomu huharibu damu ya paka na mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Na usitumie maji ya dagaa wakavu, kwani huko dikoni dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa.

Dawa ya meno ya watu haifai. Mnyama hawezi kutema, anameza vyote, povu na floraidi kwa pamoja. Baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, utamu ambao kwa mtu hauna neno lakini mbwa unamshusha sukari ya damu kwa ghafla na unaweza kumharibu ini. Magadi yana sodiamu nyingi, ndimu inamomonyoa jino, mkaa uliosagwa unaliparura. Mafuta ya nazi hayana sumu, ila hayang'oi gamba, na kijiko kila siku kinamnenepesha tu.

Karafuu inahitaji maneno yake peke yake. Hapa visiwani jino likimuuma mtu mkono unakwenda kwenye karafuu bila kufikiri; zimejaa Pemba, mafuta yake yamo kila nyumba, na kwa mtu yanatuliza kweli. Kinachotuliza ni kemikali iitwayo eujenoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali za jamii hiyo, hivyo zinabaki mwilini na kumgeukia sumu. Paka hana haja ya kunywa chupa. Matone machache yaliyopakwa kwenye ufizi, akayalamba, yanaweza kumdhuru. Usimpake paka mafuta ya karafuu, wala maji yaliyochemshiwa karafuu, wala usimtafunie. Mbwa anavumilia zaidi kidogo, lakini mafuta hayo yanamchoma kinywa, kwa hiyo na yeye mwepushe.

Ini hilo hilo ndilo linaloshindwa na parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile kile unachomeza wewe kikakuondolea maumivu ya kichwa, kinatosha kumuua paka mkubwa. Fizi zinageuka rangi ya udongo au ya samawati, uso na nyayo zinavimba, anapumua kwa haraka. Hata nusu ni hatari. Mbwa naye asipewe ibuprofeni wala diklofenaki, dawa hizo humtoboa tumbo na kumharibu figo. Watu huzitoa kwa huruma, wakiona mnyama anaumwa na hataki kula, na ndiyo sababu tunalirudia jambo hili kila mara. Mnyama akishameza, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, na pakiti ya dawa uende nayo.

Sasa kumzoesha. Mwezi mmoja si mwingi. Wiki ya kwanza hupigi mswaki wowote: kabla ya chakula cha jioni, mpanguse mashavu, pandisha mdomo mara moja kila upande, mpe chakula. Kufanya kabla ya kula kuna maana yake, kwa sababu chakula chenyewe ndicho malipo. Wiki ya pili, kidole chenye kitambaa kilichochovywa supu kiguse chonge na lile jino kubwa, misuguo miwili au mitatu, basi. Wiki ya tatu fikia meno yote ya upande mmoja kwa siku, kesho yake upande wa pili. Wiki ya nne lete mswaki. Uulaze ukiwa umeinama, nywele zikielekea ufizini kwa pembe ya nyuzi 45, ili ncha ziingie pale penye ukingo. Zungusha viduara vidogo bila kukandamiza, sekunde 30 kila upande. Nywele ziguse jino na ufizi kwa wakati mmoja. Akisugua ncha za meno tu, mtu ameacha pale pale ugonjwa unapoanzia.

Upande wa ndani, ule unaotazama ulimi, uache. Ulimi wenyewe unausugua, na kulazimisha kinywa kifunguke ndiko kunakoharibu kazi ya wiki nzima. Makosa mengine ni ya namna hiyo hiyo: kuanza na meno madogo ya mbele, yaliyo karibu na pua na yenye kuhisi kuliko yote, kumbana paka ndani ya taulo siku ya kwanza, kuendelea mpaka akasirike. Acha yeye akiwa bado ametulia. Akianza kupiga mkia au kulaza masikio, rudi hatua ya wiki iliyopita kwa siku mbili tatu. Damu kidogo kwenye kitambaa siku za mwanzo ni ya ufizi uliokwisha kuvimba, na inapungua kadiri unavyosafisha. Ikiendelea baada ya wiki mbili, au mnyama anajikunja kwa maumivu jino fulani likiguswa, usisugue tena hapo.

Kwa mbwa lipo suala la mate. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Haizuii kumtunza mbwa wa shamba anayelinda mihogo na migomba dhidi ya tumbili. Glavu za mpira za duka la dawa, kitambaa cha kutupwa kila mara, nguo ya kazi, na beseni ambalo halirudi jikoni, basi. Mswaki wenye mpini mrefu unakuweka mbali zaidi kuliko kidole. Mbwa kwa kawaida ni mwepesi wa kufundishwa kuliko paka, na mdomo wake ni mpana. Akianza na umri wa wiki nane hadi kumi na mbili, hatakumbuka kwamba kuna siku hakuwa akipigwa mswaki.

Watoto wanabadilisha meno. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni, paka mdogo 26. Yanaanza kudondoka kwenye miezi mitatu na nusu hivi, na kufikia miezi saba mbwa anatakiwa awe na 42 na paka 30. Mengi humezwa, usiyatafute. Fizi zikiwa zinauma, gusa tu bila kusugua. Cha kuangalia ni jino la utotoni lililogoma kudondoka huku la ukubwani limeshachomoza pembeni yake, hasa machonge ya mbwa wadogo wadogo wa kufugwa ndani. Mawili hayakai mahali pa moja: chakula kinakwama katikati, na la ukubwani linaota upande. Yakionekana mawili, la zamani ling'olewe na daktari, mizizi yake ni mirefu na inakatika kwa koleo ya nyumbani.

Kuhusu vya kutafuna, tumia ukucha. Kitu kisichobonyea ukikibonyeza kwa ukucha ni kigumu mno kwa jino. Mfupa wa mguu wa ng'ombe haubonyei, kifuu hakibonyei, jiwe ndiyo kabisa. Jino kubwa la juu la mbwa hupasuka ubavuni, kipande kinabanduka kama gamba la embe, na ndani panaonekana doa jekundu au jeusi. Hapo mshipa wa jino uko wazi. Mbwa ataendelea kula, na hiyo isikudanganye. Miezi kadhaa baadaye utaona uvimbe chini ya jicho, ukipasuka unatoa usaha, na watu wanasema kang'atwa na mdudu. Ni mzizi wa jino. Mifupa iliyopikwa, ya kuku hasa, inavunjika kwa ncha kali na kuchoma koo na utumbo. Chonge la paka nalo lina mshipa unaokaribia nchani sana, hivyo hata ncha iliyomeguka milimita moja inahitaji kutazamwa.

Paka wa Forodhani na Malindi, pale Mji Mkongwe wa Unguja, wanaishi kwa samaki, na kwao matatizo ni ya aina nyingine. Mwiba mkubwa, wa changu au tasi, hulala mtambuka kwenye kaakaa kati ya meno ya kulia na kushoto. Paka anajikuna mdomo kwa mkono, udenda unamtoka, anakwenda kinyumenyume. Ukiona mwiba wote na ni paka wako mtulivu, kibano butu na mtu wa kumshika vinatosha. Ukiwa umechoma ndani, mwachie daktari.

Mshipi usivutwe. Paka akimeza mshipi wa kuvulia ulionuka chambo, mara nyingi unajizungusha chini ya ulimi, na ncha ya pili imeshashuka utumboni. Ukivuta, unakata utumbo kama uzi unavyokata tambi. Nyanyua ulimi kwa kusukuma kidole kutoka nje, katikati ya mifupa ya taya ya chini. Ukiona uzi, usiukate karibu na ulimi wala usiuvute, mpeleke hivyo hivyo. Ndoana ni hivyo hivyo.

Na kabla hujatia mkono kwenye kinywa chochote, jiulize mnyama huyu ni wa nani na kachanjwa lini. Kichaa cha mbwa kikilegeza taya, mbwa anaachama, hawezi kumeza, udenda unachuruzika: anafanana kabisa na mbwa aliyekwamwa na mfupa. Usiyemjua, asiyechanjwa, au aliyebadilika tabia ghafla, usimtie mkono. Mate yake yakikugusa penye mchubuko au akikung'ata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Yako maradhi ya paka ambayo mswaki hauyawezi. Moja, jino linaliwa na mwili wenyewe, kuanzia ukingoni mwa ufizi. Unaona nyama nyekundu imepanda juu ya jino kana kwamba inaziba tundu. Ukiligusa, taya inatetemeka. La pili, koromeo na nyuma ya kinywa vinakuwa vyekundu kama nyama ya tikiti, paka analilia sahani ya chakula, ananusa, anakimbia. Hapo kumpiga mswaki ni kumtesa. Dawa kubwa ya yote mawili ni kung'oa, la kwanza jino lililoharibika, la pili mara nyingi magego yote, na paka kibogoyo anakula wali na samaki aliyepondwa bila taabu.

Gamba lililokwisha kugumu usilibandue kwa kisu, ukucha wala chuma cha fundi. Unaweza kuliondoa linaloonekana, jino likang'aa, na lile lililo chini ya ufizi likabaki likifanya kazi yake. Uso wa jino uliokwaruzwa nao unakamata ukoga upya kwa haraka zaidi. Kazi hiyo hufanywa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mrija umo kooni ili maji yasiingie mapafuni, na meno yanang'arishwa mwishoni ili yawe laini. Ukipigia daktari simu, uliza mambo matatu: atamlaza, atatia mrija, na anasafisha chini ya ufizi? Uliza pia anyimwe chakula tangu saa ngapi, kwani inategemea umri.

Akirudi na mshono, chakula laini siku 10 hadi 14: samaki aliyepondwa, wali uliolainishwa kwa supu, hakuna cha kutafuna. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Mswaki unarejea kwenye meno yaliyobaki baada ya wiki mbili, ukianza tena na kitambaa cha khanga, upande usiokuwa na kidonda.